Oili Inatokea Juu: Form ya Pampu Kitengela

Mvua ya Aprili ikishakamata Kitengela, jeki inabaki chuma ya bure. Acha lami ya Namanga Road uingie ndani ndani pande za Korompoi, utapata mchanga ni ile blak koton, inavimba ikikunywa maji na kupasuka nyufa jua likirudi. Weka jeki hapo, zungusha, na badala ya ndai kupanda, jeki ndio inazama. Msee wa akili zake haingizi kichwa chini ya tani moja ya chuma imeshikiliwa na matope. Na kilomita nazo hazingoji mvua iishe. Kama wewe ni wale wa kurauka mangware kukimbizana na jam ya Mlolongo, ama unasukuma teksi za mtandao, elfu tano inafika kabla hujamaliza deni ya servisi ya mwisho.

Hapo ndio pampu ya kunyonya oili inaingilia. Hakuna uchawi hapo. Ni tenki inabeba kama lita sita hadi tisa, juu iko na mkono wa kupampu, kando iko na paipu kadhaa za saizi tofauti. Unachomoa dipstiki, unashukisha paipu kwa ile tundu yake mpaka iguse kitako cha sampu, unapampu kiasi, unasimama kando umeweka mikono mfukoni. Oili inapanda yenyewe. Hakuna jeki, hakuna spana, hakuna kulalia gunia ukingoja tone moto likupate kwa shingo. Ziko pia za mota ya volti 12, unazifunga kwa betri ya gari zinajivutia. Mimi naona ile ya mkono ndio fiti, ju haina kitu ya kuungua. Na hiyo ya mota, maze, isiwahi kuguswa na petroli. Cheche moja tu na mtaa mzima unaitwa mchango.

Kuna makanika watakuambia hiyo ni vitu ya mtandao, ati oili lazima imwagwe chini vile Mungu alipanga. Waambie waulize watu wa boti. Injini ya boti imekaa tumboni mwa chombo, chini yake hakuna mahali hata paka anaweza kutambaa, so wasee wa bahari walishazoea kunyonya oili kwa juu zamani. Alafu kuna Smart, ile kigari ya viti viwili ilianza kuuzwa Ulaya 1998. Hiyo ya kwanza ilitoka kiwandani bila nati ya sampu kabisa. Ukitaka oili itoke, ni kuinyonya kwa dipstiki, na hakuna mlango mwingine.

Sasa cheki hii, ju inatuhusu sisi wa huku juu. Pampu yenyewe haivuti oili. Inatoa hewa kwa tenki, alafu uzito wa hewa ya nje ndio unasukuma oili ipande kwa paipu. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na Kajiado tao iko juu kidogo zaidi. Hewa ya huku imepoa uzito, kama asilimia 17 chini ya ile ya Mombasa. So pampu ileile, mkono uleule, huku iko na nguvu kidogo kuliko ikiwa Likoni. Lakini usishtuke. Kupandisha oili mita moja inataka kama sehemu moja kwa kumi ya hiyo nguvu yetu, kwa hivyo bado imebaki mob. Kenye kinachelewesha kazi ni oili baridi. Asubuhi ya Julai, ile baridi ya Athi ikipiga plain, oili ni nzito na paipu ni nyembamba. Washa ndai dakika chache ipate joto, zima, ngoja oili ishuke kwa sampu, ndio uanze. Usichemshe mpaka kiwango cha safari ya Namanga, ju paipu za plastiki zinalegea na mikono yako pia si ya chuma.

Jumapili ndio siku yake. Ploti imetulia, watu wako kanisani ama wamelala, kwa keja ya pili juu mtu anachoma chapo. Jirani mwenye Forester ametoa mashine yake. Amepaki kwa kabro, na keretekar amesimama hapo karibu na ufagio ka refa, ju amri ya landi imeandikwa kwa geti na rangi nyekundu: hakuna kuosha gari, hakuna kutengeneza gari. Kabro ikishakunywa oili haitoki, na ukihama inakatwa kwa deposti.

"Boss, si nilisema hakuna makanika hapa?"

"Makanika ako wapi, mzee wangu? Mimi napima tu oili."

Anashukisha paipu pole pole. Kuna mahali inakwama, anairudisha kiasi, anaizungusha, inapita. Ikigusa chini unaona mkono wake umejua. Anapampu. Sekunde kadhaa hakuna kitu, keretekar anaanza kucheka. Alafu mstari mweusi unapanda ndani ya paipu, unapinda kona, unaanza kujikusanya kwa tenki. Hakuna tone limeanguka. Keretekar ameinama mpaka ufagio umeanguka. Baadaye inaanza kukoroma, kwa-kwa-kwa, hewa ikichanganyika na oili. Hapo bado haijaisha: anainua paipu kidogo, anaipeleka upande mwingine wa sampu, inapata ingine kiasi, inakoroma tena. Sasa ndio imeisha.

Alafu anafanya kitu makanika wengi wa mtaa hawajawahi nifanyia. Anainama kusoma tenki imeandika lita ngapi.

Kwangu hapo ndio hii story yote iko. Tenki iko na mistari ya kupima. Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita moja na nusu iko kwa Probox, Succeed na Fielder mob, inataka lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Sasa kama umenyonya na imetoka lita mbili na nusu, ndai inakuambia kitu. Aidha paipu haijafika chini, ama hiyo injini inakula oili na wewe unaendelea kuimba na redio. Ikimwagwa kwa karai ya gereji, hiyo habari inapotea. Karai haina mistari, na fundi yuko na magari mengine manne yanangoja. Kwa tenki inakuangalia macho kwa macho.

Filta sasa. Watu wa kuuza hizi pampu wakifika hapa wanaongea haraka haraka. Oili ikitoka juu, filta bado iko pahali iko. Forester ya injini mpya, zile za FB zilianza kuja kama 2010, filta iko juu kabisa mbele, unaifungua umesimama, unaweka kitambaa chini yake, finito. Mercedes nyingi za C-Class na Volkswagen kadhaa pia ziko hivyo, kifuniko juu, ndani katiriji ya karatasi. Hao pampu ilitengenezewa wao. Lakini Vitz yako? Probox? Demio? Subaru za zamani za EJ? Filta iko chini. Umenyonya oili kwa heshima zote, alafu bado unalala kwa gunia, mkono umepenya kati ya vyuma moto, ukizungusha filta inakumwagia kile kilibaki. Hapo umefanya kazi nusu, na nusu yenye ilikuwa rahisi.

Kuna wale hufanya ujanja: servisi moja oili peke yake, inayofuata oili na filta. Kuna vitabu vya magari hukubali hivyo, na kuna zingine hukataa, so soma kitabu ya ndai yako kwanza. Lakini kwa vumbi ya huku, Isinya na Bissil, lori za mchanga zikikupita zinakuachia wingu, mimi singeacha filta ikae hivyo. Filta ya Toyota ndogo si doo ya kukufanya ulale njaa.

Tuongee doo basi. Kumwaga oili kwa makanika wa mtaa ni soo tatu, soo tano, inategemea amekuona umevaa aje. Kutoka Kitengela mpaka katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30. Ukienda na kurudi kila siku ya kazi, unafika elfu tano ndani ya miezi nne hivi, so ni servisi tatu kwa mwaka. Piga hesabu: hata thao mbili haifiki kwa mwaka mzima. Pampu ya maana nayo ni thao kadhaa. Ukinunua peke yako ati unaokoa doo ya fundi, utaokoa mpaka uwe na mvi. Msee wa teksi ni hesabu ingine, ju elfu tano yake inafika kwa mwezi na kitu. Na majirani watano wa ploti moja wakichanga, hiyo tayari ni chama. Zamu zinapangwa, tenki inasafishwa na aliyetumia mwisho, na yule huwa hasafishi mnamjua tayari, ndio yule huwa hafungi geti usiku.

Kwa hivyo sababu ya kweli ya kunyonya mwenyewe si soo tatu. Ni kujua kenye kimeingia. Oili feki iko Kenya, na serikali inajua, ndio maana kuna mamlaka nzima ya kupambana na bidhaa ghushi. Rada huwa rahisi: mitungi tupu ya oili ya jina kubwa inakusanywa kwa magereji, inajazwa kitu rangi ya asali, inafungwa tena. Wewe umeketi kwa benchi unakunywa soda, umetumiwa risiti, hujui kama kilichoingia kimewahi kuona kiwanda. Ukifanya kejani, unanunua kwa stesheni ya mafuta ama duka la wakala mwenyewe, unavunja sili wewe, unamwaga wewe. Na ukimaliza, toboa huo mtungi na msumari. Ukiutupa mzima, kuna mtu ataujaza.

Halafu namba. Kuna fundi wa kitambo ambaye kwake kila ndai ni 20W-50, ju ndio alifunzwa nayo kwa Datsun. Hizi gari zetu zinatoka Japani zikiwa chini ya miaka nane, hiyo ni sheria ya KEBS, na nyingi zimetengenezewa oili nyepesi, 0W-20 ama 5W-30. Fungua mlango wa dereva kwa gari imetoka tu bandarini, mara mob utapata stika ndogo ya Kijapani, iko na tarehe na kilomita za servisi ya mwisho. Huyo mtu wa Osaka alikuwa anaandika. Hata kama husomi Kijapani namba unazisoma. Bandika yako hapo chini ya hiyo.

Nisionekane nachukia mafundi. Makanika akilala chini ya gari yako, haoni nati peke yake. Anaona buti ya shafti imepasuka inatema grisi. Anaona bushi imeisha, sampu imegongwa na jiwe mahali ulikata kona kuingia kwa boma ya mtu, paipu ya breki imeanza kutoa jasho. Barabara za Kajiado ukiacha lami si za kuombea gari. Ukianza maisha ya kunyonya oili kwa juu, kuna hatari ukae mwaka mzima hakuna mtu ameangalia huko chini. Na uchafu mzito uliokaa kitakoni mwa sampu, pamoja na zile chenga za chuma nati zenye sumaku hushika, paipu haitaki kujua. Mimi ningesema baada ya kila servisi mbili tatu za pampu, moja iwe ya nati, kwa gereji iko na shimo la saruji, na fundi mwenye anatumia tochi. Si kila mtu mwenye ovaroli ni fundi, lakini yule wa kweli ukimpata mshike kama daktari wa familia.

Ingawa pia hapo kwa nati kuna wale. Sampu nyingi za siku hizi ni aluminiamu. Kijana wa gereji ameweka spana, ameongeza paipu ya futi mbili ndio nguvu ifike, amekaza mpaka uzi umeliwa. Servisi inayofuata nati inazunguka bila kushika, na dawa anayokupa ni utepe wa fundi bomba na silikoni. Unaanza kuacha matone kwa kila parking hadi Namanga. Nati isiyoguswa mara mob haiwezi kula uzi. Hiyo pampu inapata alama hapo.

Wenye Subaru za zamani, mnaskia? Zenu ziko na dipstiki zaidi ya moja. Kuna ya injini, kuna ya gia, kuna ya difu ya mbele. Kuna watu wamenyonya oili safi ya gia wakidhani ni ya injini, alafu wakajaza injini mara mbili. Oili ya gia mara mob ni nyekundu, ya injini iliyozeeka ni nyeusi. Mstari wa kwanza ukipanda mwekundu, acha hapo hapo, rudisha pumzi.

Sasa umemaliza, uko na lita nne nyeusi kwa tenki. Unapeleka wapi?

Hii ndio sehemu kejani inashindwa na gereji. Kwa ploti, jaribu ya kwanza ni mtaro. Usiku, hakuna mtu, chwaa. Na maji ya Kitengela ni ya bohoo, sisi wote tunajua, hata chai yetu iko na chumvi kabla uweke sukari. EPA, shirika la mazingira la Marekani, husema oili ya servisi moja inaweza kuharibu galoni milioni moja ya maji safi. Hiyo ni karibu lita milioni nne, kutoka kwa ndai moja. Na mtaro wako unaelekea mtoni, na ng'ombe wa watu wanakunywa huko chini.

Nje ya tao oili chafu ni mali. Ukipita Isinya na dumu nyuma ya Probox utaulizwa.

"Sopa, mzee."

"Epa. Hiyo oili chafu unaenda kutupa? Lete nipake nguzo, mchwa wamemaliza fensi."

Na kweli mchwa hawaipendi. Ni mambo watu wamefanya miaka, na fensi huko ni pesa ya ng'ombe mzima. Shida ni mvua inaosha ile oili inashuka kwa udongo, na mbuzi huwa hawaulizi kabla kulamba. Oili iliyotumika imebeba chembe za chuma kutoka kwa injini. Mzee utamheshimu, lakini kuna dawa za mchwa kwa duka za agroveti, na hiyo ndio jibu ya adabu.

Kisheria iko wazi. Kuna Sheria ya Mazingira ya 1999, kanuni za taka za 2006, na juu yake Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Kubeba taka kama biashara inataka leseni ya NEMA. Wewe wa lita nne hutafuti leseni. Rudisha oili kwa mtungi wenye kifuniko kinafunga, usichanganye na maji, petroli wala kulanti, weka mbali na watoto, alafu peleka gereji kubwa ama stesheni inafanya servisi. Wao huwa na dramu, na kuna watu hukuja kununua hiyo dramu. Wengi watakupokelea bila noma. Akikataa, jaribu ingine, barabara ya Namanga haijakauka magereji.

Kwa hivyo kabla utume M-Pesa kwa mtu yeyote anauza pampu, fungua boneti ucheki vitu viwili. Kwanza, dipstiki iko? BMW mob za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hazina, zinapima na kompyuta, na bila tundu hiyo pampu ni pambo la stoo. Pili, filta iko wapi? Ikiwa juu, nunua, hutajuta. Ikiwa chini na uko peke yako, lipa fundi soo tatu zake, lakini nunua oili mwenyewe, simama hapo, na umwambie amwage kwa chombo iko na mistari.